Jinsi ya kupima mota na kuta za jengo la kale lililopigwa na tetemeko

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, kama saa 9 na nusu alasiri, Kagera ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu walikufa, maelfu ya nyumba yakapasuka au kuanguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa. Wiki hiyohiyo mafundi tukaanza kuitwa kwenye makanisa ya zamani, nyumba za mapadri na maduka ya matofali ya tangu enzi za wakoloni, na swali lilikuwa lilelile kila tulikokwenda: "Fundi, huu ukuta bado unafaa?" Wengi wetu tulijibu kwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutikisa kichwa, na kutaja idadi ya mifuko ya saruji.

Mwongozo huu ni wa kufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Nimeuandika kwa ajili ya fundi mkuu, mhandisi kijana, au kamati ya jengo inayotaka kujua fedha zake zinakwenda wapi. Vipimo vingi humu vinahitaji tindo, kucha, mizani ya jikoni na subira. Kimoja kinahitaji jeki. Vile vya mitambo mikubwa nitavitaja kwa ufupi, maana ukifika huko utakuwa na mtaalamu wa maabara pembeni yako.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: uso wa ukuta huongopa. Mota, yaani mchanganyiko unaoshikanisha matofali au mawe, unayoiona kwa nje mara nyingi si ile inayobeba paa.

Kwanza, usife

Tarehe 26 Septemba 1997, mjini Assisi, Italia, tetemeko la kwanza lilipiga usiku. Kulipokucha, mafundi wakaguzi na watawa waliingia katika Basilika la Mtakatifu Fransisko kuangalia nyufa. Kabla ya saa 6 mchana tetemeko la pili, kubwa kuliko la kwanza, liliangusha sehemu ya dari la matao na kuua watu 4 waliokuwa chini yake. Walikuwa wanafanya kazi hii hii ninayokufundisha.

Kwa hiyo siku za mwanzo ardhi ikiwa bado inatikisika, fanya ukaguzi wa nje tu, kwa mbali, kwa darubini au kamera ya simu. Ukianza kuingia, ingia baada ya kuta zilizoinama kuegemezwa kwa magogo na dari kushikiliwa kwa nguzo. Vaa kofia ngumu. Mwache mtu mmoja nje akiwa na filimbi, macho yake yakiwa kwenye uzi wa timazi ulioning'inizwa mbele ya ukuta. Uzi ukiacha alama uliyoichora, anapuliza, mnatoka bila kuulizana.

Kwenye kila ufa mkubwa paka kipande cha jasi chenye ukubwa wa kiganja, kikatize ufa, uandike tarehe juu yake kwa penseli. Jasi haivumilii kuvutwa. Ikipasuka baada ya wiki, ukuta bado unatembea, na kazi ya kupima ingoje kwanza.

Ukuta uliovimba tumbo usiuguse kabisa. Huo haupimwi, unaegemezwa.

Hatua ya 1: Soma ukuta kabla ya kuuchokonoa

Chora kila ukuta kwenye karatasi, uweke madirisha, milango na nyufa zake zote. Simu inapiga picha nzuri, lakini mkono ukichora jicho linalazimika kuona. Halafu tazama nyufa zinapita wapi.

Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata viungo kati ya tofali na tofali, unakuambia mota ni dhaifu kuliko tofali. Ufa unaokata matofali yenyewe kama kisu kwenye mkate unasema kinyume: mota ni ngumu kuliko tofali, au kuna mzigo mzito mno mahali hapo. Nyufa mbili zinazokatana mfano wa herufi X kati ya madirisha ni za ukuta uliosukumwa huku na huku kwa urefu wake. Ufa wa wima pembeni, pale kuta mbili zinapokutana, mpana juu na mwembamba chini, ni wa ukuta uliotaka kuanguka nje kwa sababu haukufungwa na mwenzake wala na kenchi, ile fremu inayobeba paa. Huo wa mwisho ndio unaoua watu wengi, na mota nzuri peke yake haiwezi kuuzuia. Nitaurudia baadaye.

Kisha pima unene wa ukuta kwenye dirisha na uhesabu matofali yaliyolazwa kwa kichwa, yaani yale yanayoingia ndani badala ya kulala kwa urefu. Ukuta wa sentimita 45 usio na matofali ya kichwa unaweza kuwa kuta mbili nyembamba zilizosimama bega kwa bega, katikati kukiwa na vifusi. Kwenye kuta za mawe hali ni hiyo hiyo: tafuta mawe marefu yanayofunga upande na upande. L'Aquila, Italia, mwezi Aprili 2009, kuta za mawe madogo yasiyofungana zilimwagika chini kama chungu ya kokoto, na waliokufa siku hiyo walikuwa zaidi ya 300.

Usisahau kuwauliza wazee. Kwenye kanisa moja kijijini, mzee mlinzi wa jengo alinitazama nikipima kwa nusu saa nzima, kisha akasema, "Mwanangu, hapo unapopima palibomolewa tulipoongeza sakristia. Ukuta wa zamani unaanzia kwenye ule msalaba." Alikuwa sahihi. Ningepima mota ya miaka ya karibuni na kuiandika kuwa ya wamisionari.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kupima

Jengo la kale ni majengo kadhaa yaliyovaa lipu moja. Gawa kuta kwa aina zake kwanza: sehemu ya mwanzo, nyongeza ya kwanza, nyongeza ya pili, matengenezo. Kwa kila aina mimi huchagua mahali pasipopungua patatu: chini karibu na msingi ambako unyevu hupanda, katikati, na juu chini ya mapaa ambako mvua haifiki. Upande unaopigwa na mvua ya ziwa hauwezi kufanana na upande wa pili, hivyo chukua pande zote mbili.

Pima palipovunjika na palipobaki pazima. Ukipima palipovunjika tu, utapata majibu mabaya kila mahali na hutajua kama ubaya ulikuwapo au uliletwa na tetemeko. Epuka pembe za jengo na sehemu zilizo chini kabisa ya boriti nzito.

Hatua ya 3: Bandua

Toa lipu eneo la mita 1 kwa mita 1, polepole, kwa tindo pana na nyundo ndogo. Kama kuna michoro au rangi za zamani juu ya lipu, simama; mwite mtu wa mambo ya kale aamue mahali pengine. Lipu nayo usiitupe, weka kipande kwenye mfuko.

Sasa uko mbele ya viungo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwaruza kiungo kimoja cha mlalo kwenda ndani hadi sentimita 5 kabla hujapima chochote. Nakumbuka ukuta mmoja wa nyumba ya mapadri uliokuwa na viungo vya kijivu, vigumu, vilivyonyooka kama vimechorwa kwa rula. Msumari haukuingia. Nikatoa kipande kwa tindo: saruji ilikuwa na unene wa sentimita 2 tu, imejazwa kwa nje miaka ya baadaye. Nyuma yake kulikuwa na udongo mwekundu wa kichuguu, mkavu, wenye vipande vya nyasi, na nilipoingiza mpini wa kijiko ukaingia hadi mwisho bila kusukumwa kwa nguvu. Jengo lote lilikuwa limesimama juu ya udongo huo. Mkaguzi aliyetangulia alikuwa amegonga matofali kwa nyundo ya kurudi ya kupimia zege, akaandika kuwa ukuta ni imara. Nyundo ile inapima ugumu wa kitu kinachogongwa. Alipima tofali.

Kwa hiyo andika kila mara namba mbili: mota ya nje, na mota ya ndani kwa kina ulichofikia.

Hatua ya 4: Kucha, msumari na kisu

Njia hii ya kukwaruza wahandisi wa New Zealand waliitumia sana kwenye majengo ya matofali ya Christchurch, mji uliopigwa vibaya tarehe 22 Februari 2011. Ni rahisi, na ukiifanya kwa mkono mmoja, mtu mmoja, jengo zima, inaaminika kuliko inavyoonekana.

Kwaruza mota ya ndani iliyo kavu. Ikitoka kwa kusukumwa na ncha ya kidole, ni laini sana, na nguvu yake ya kubanwa haifiki megapaskali 1, yaani kama kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Kucha ikiichimba kwa urahisi, iko kati ya 1 na 2. Kucha ikiacha mchirizi tu baada ya kujitahidi, weka 2 hadi 5. Ikikataa kucha lakini ikakubali ncha ya alumini, ni ngumu. Ikikataa vyote ni ngumu sana, na kwa hizi mbili usikisie namba, peleka maabara. Ncha ya alumini unaweza kuipata kwenye kipande cha fremu ya dirisha kilichochongwa.

Fanya mikwaruzo 10 kwenye kila eneo ulilobandua, si mmoja. Andika yote 10, hata unaodhani umekosea.

Tofali nalo likwaruzwe vivyo hivyo. Matofali ya tanuri za kienyeji hayakuiva sawa: yaliyokuwa karibu na moto yanalia kama kengele, ya pembeni yanakatika kama biskuti. Chukua matofali 3 yaliyokwisha kuanguka, yakaushe, yapime kwa mizani, yalaze ndani ya maji saa 24, yafute, yapime tena. Tofali la kilo 3.0 likirudi na kilo 3.6 limekunywa maji 20%. Likizidi hapo mimi hulitilia shaka.

Hatua ya 5: Glasi ya maji, siki na tone la rangi

Sasa ujue mota ni ya nini: udongo, chokaa, au saruji. Usiamini rangi. Chokaa kilichochanganywa na mchanga mwekundu hufanana na udongo, na saruji iliyozeeka hufanana na chokaa.

Tia donge kavu la ukubwa wa punje ya karanga kwenye glasi ya maji na uliache. Udongo huanza kumumunyuka ndani ya dakika chache, maji yakachafuka, na chini kubaki chungu ya matope. Chokaa na saruji hukaa kama kokoto. Kama donge linakaa lakini maji yanageuka mekundu kidogo kidogo, una udongo uliotiwa chokaa, jambo la kawaida kwenye majengo ya zamani.

Donge la pili lidondoshee siki. Likitoa mapovu, kuna chokaa. Udongo mtupu hunyamaza. Saruji nayo hutoa mapovu, hivyo siki haitofautishi chokaa na saruji. Hapo ndipo fenoftaleini inapoingia, ile dawa ya maabara ya sekondari inayogeuka rangi ya zambarau mbele ya kitu chenye ualikali mkali. Vunja donge jipya na udondoshee pale palipovunjika sasa hivi. Chokaa cha miaka 100 katika ukuta mkavu kwa kawaida kimekwisha kurudi kuwa jiwe kwa hewa, hakibadiliki rangi. Saruji mara nyingi bado inageuka zambarau moyoni. Ukiona zambarau kwenye ukuta unaoambiwa ni wa enzi za Wajerumani, uliza nani alitengeneza pale na lini.

Hatua ya 6: Uwiano wa chokaa na mchanga

Hii ni kwa mota ya chokaa tu. Ukiijua utaweza kutengeneza mota ya kuziba inayoendana na ya zamani.

Chukua donge la ndani la kama gramu 100, likaushe juani siku mbili au kwenye oveni ya moto mdogo, ulisage taratibu kwa mchi wa mbao bila kuvunja punje za mchanga. Pima gramu 50. Weka maji kwenye chombo cha glasi, kisha ongeza tindikali ya haidrokloriki ndani ya maji hadi iwe kama 10%. Tindikali huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Fanya kazi hii nje, na miwani na glavu si hiari. Tia mota kidogo kidogo, mapovu yakitulia ongeza, hadi isichemke tena. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa ambayo umeipima ikiwa kavu, suuza mara 3, kausha, pima.

Tuseme zimebaki gramu 38. Zimepotea 12, na hizo ndizo chokaa kilichogeuka jiwe. Zidisha 12 kwa 0.74 kupata chokaa kilichozimwa, yaani kilichotiwa maji, kama kilivyotumika siku ile: karibu gramu 9. Uzito ni 9 kwa 38, kama 1 kwa 4. Usikimbilie kumwambia fundi "ndoo 1 kwa 4"! Chokaa cha unga ni chepesi, lita moja haifiki gramu 600. Mchanga lita moja ni kama kilo 1.6. Ukigeuza uzito kuwa ndoo unapata karibu ndoo 1 ya chokaa kwa 1 na nusu ya mchanga. Nimeona mota nyingi za matengenezo zilizoharibika kwa kosa hili moja la hesabu.

Mchanga uliobaki usiutupe. Upitishe kwenye chekeche, uuangalie kwa kioo cha kukuzia, uulinganishe na mchanga wa mto na wa ziwa ulioko jirani. Huo ndio utakaoutafuta.

Tahadhari kwa ndugu zangu wa pwani. Mota za Mji Mkongwe, Lamu au Kilwa zina chokaa kilichochomwa kutokana na matumbawe, na mara nyingi mchanga wake una vipande vya matumbawe na magamba ya baharini. Tindikali haijui kipi ni chokaa na kipi ni mchanga, inakula vyote. Utapata jibu kwamba mota yote ni chokaa, na jibu hilo ni uongo. Kwa mota hizo loweka donge, lisage kwa vidole ndani ya maji, utenganishe punje kwa chekeche na kioo, au upeleke kwa mtaalamu wa miamba mwenye darubini ya maabara.

Hatua ya 7: Sukuma tofali

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu kinauliza ukuta swali lilelile linaloulizwa na tetemeko: nikikusukuma ubavuni, utateleza kwa nguvu kiasi gani?

Chagua tofali lililolala kwa urefu. Toa tofali zima la upande wake mmoja kwa kukata mota kwa msumeno au drili isiyogonga. Drili ya kugonga ikitumika hapa kipimo kimekufa kabla hakijaanza. Upande wa pili toa mota ya kiungo cha wima tu, ili tofali lipate pa kukimbilia. Mota ya juu na ya chini ya tofali usiiguse hata kwa kucha. Weka jeki ndogo ya haidroliki kwenye nafasi uliyotoa tofali, na bamba la chuma kila upande ili mzigo usambae. Bandika kipimo cha kusogea, au hata chora mstari mmoja wa penseli unaovuka kutoka tofali hilo hadi la juu yake.

Pampu polepole. Mwenzako atazame mstari, wewe utazame geji. Mara ya kwanza nilipofanya kipimo hiki kwenye mota ya udongo nilitarajia kusikia mlio. Hakukuwa na mlio. Mstari wa penseli uligawanyika kwa upana wa uzi, na vumbi jekundu likaanza kutiririka kutoka kwenye kiungo kama unga kwenye mfuko uliotobolewa na panya. Andika mzigo wa wakati huo huo mstari ulipovunjika. Geji nyingi zinasoma presha, hivyo zidisha kwa eneo la pistoni upate kilo.

Hesabu yake hii hapa. Tofali la sentimita 22 kwa 10.5 lina eneo la sentimita za mraba 231. Linashikwa juu na chini, kwa hiyo 462. Likisogea kwa kilo 900, ni karibu kilo 1.95 kwa sentimita ya mraba. Sehemu ya hiyo si gundi ya mota, ni msuguano unaotokana na uzito wa ukuta ulio juu. Mita 4 za ukuta wa matofali zinabana kwa kama kilo 0.72 kwa sentimita ya mraba. Msuguano ukiuchukua kuwa 0.6 ya hiyo, ni kilo 0.43. Iliyobaki, karibu kilo 1.5, yaani megapaskali 0.15, ndiyo mshikamano wa mota yenyewe.

Halafu, bila kutoa jeki, sukuma tena. Gundi imekwisha kukatika, sasa unasoma msuguano peke yake, na unaweza kuona kama ule 0.6 ulioukisia ni wa kweli kwa ukuta wako. Hesabu zangu za mwanzo huwa nazirekebisha kwa namba hii.

Angalia pia nyuma ya tofali. Kama kiungo cha ndani kati ya tofali la nje na la nyuma yake kilijazwa mota, nacho kilikusaidia kushikilia, na mshikamano uliouandika ni mkubwa kuliko ukweli. Ukimaliza litoe tofali uone kama mota imeshika uso wote au vipande tu. Piga picha.

Matofali 5 hadi 8 kwa kila aina ya ukuta yanatosha kwa jengo la ukubwa wa kawaida. Kwa ukuta wa mawe yasiyo na umbo kipimo hiki hakifanyiki.

Kama kuna fedha na chuo kikuu karibu

Kuna jeki bapa, mfuko mwembamba wa chuma unaoingizwa kwenye mpasuo uliokatwa ndani ya kiungo na kujazwa mafuta hadi ukuta urudi mahali pake. Presha ya wakati huo inakuonyesha mzigo ambao ukuta unabeba sasa hivi. Zikitumika mbili, moja juu ya nyingine, zinabana kipande cha ukuta kilicho katikati na kuonyesha unyumbukaji wake. Kwa kuta nene za mawe kuna kipimo cha sauti: nyundo upande mmoja, kinasa upande wa pili, na kasi ya mlio inahesabiwa. Chini ya mita 1,000 kwa sekunde tarajia mashimo na vifusi ndani. Ikizidi 2,000 ukuta umeshikana. Maabara pia zinaweza kubana kipande kidogo cha mota kilichotolewa kwenye kiungo, kikiwekwa jasi juu na chini. Mota ya udongo haifiki maabara nzima, kwa hiyo usijisumbue nayo.

Fundi asiye na hivyo vyote ana nyundo ya mbao. Gonga ukuta kwa mistari, kila sentimita 30, na uchore ramani ya mahali panapoitika kama debe tupu.

Kusoma majibu

Usitafute wastani kwanza. Panga namba zote kuanzia ndogo hadi kubwa, uangalie zilivyotawanyika na mahali zilipotoka. Mota yenye megapaskali 1, 1, 2, 1 ni ukuta mmoja dhaifu unaofahamika. Yenye 0.5, 5, 1, 6 ni kuta mbili tofauti ulizozichanganya, na dawa yake ni kurudi Hatua ya 2.

Kisha linganisha mota na tofali. Mota inatakiwa kuwa dhaifu kuliko tofali, kwa kiasi. Ukuta ukisogea, mota laini hupasuka kwanza, na mota hubadilishwa kwa siku moja. Tofali likipasuka umepoteza ukuta. Ndiyo maana saruji kali kwenye viungo vya matofali ya kuchoma ya zamani ni hasara ya aina mbili: inahamishia nyufa kwenye matofali, na inafungia maji ndani hadi uso wa tofali unabanduka kama maganda. Mota ya chokaa yenye megapaskali 2 si mgonjwa wa kuhurumiwa. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Mota ya udongo mkavu, isiyofikia 1, ni habari nyingine. Inaweza kubeba paa miaka 90 na isibebe sekunde 10 za kutikiswa. Hapo viungo vya nje vikwaruzwe na kujazwa upya kwa chokaa, maji ya mvua yazuiwe yasifike ukutani, na kuta zifungwe kwa vyuma vya kuvuta kutoka upande hadi upande.

Na sasa ule ufa wa wima wa pembeni. Nikiukuta kwenye mchoro wa Hatua ya 1, ninaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya namba yoyote ya mota: kuta hazijafungwa pamoja wala na kenchi. Kamati hupenda kusikia kwamba tatizo ni mota, kwa sababu mota inanunuliwa kwa mfuko. Lakini jihadhari na fundi atakayesema dawa ni kumwaga mkanda mzito wa zege juu ya kuta. Umbria, Italia, baada ya matetemeko ya 1997, walikuta mikanda na mapaa ya zege yaliyowekwa zamani kwa nia njema yamebaki mazima huku kuta dhaifu za mawe zikiwa zimemomonyoka chini yake. Mkanda mwepesi wa mbao au chuma, uliofungwa vizuri kwenye ukuta na kenchi, unafanya kazi hiyo bila kuongeza uzito juu.

Ripoti iwe na mchoro wenye alama za kila shimo, namba zote mbichi, picha, tarehe, na hali ya hewa ya siku hiyo. Mota iliyopimwa masika haifanani na ya kiangazi.

Kuziba mashimo

Hakuna kuondoka na mashimo wazi. Loweka matofali uliyoyatoa, nyunyizia maji ndani ya nafasi zao, uyarudishe kwa mota uliyoijua katika Hatua ya 6, isiwe kali kuliko ya jirani. Ijaze hadi nyuma kabisa. Hewa iliyobaki ndani ni ufa unaosubiri. Kabla ya kulirudisha tofali la mwisho mimi huandika tarehe kwa penseli ya seremala kwenye upande wake wa ndani, ili fundi atakayelitoa siku nyingine ajue si la wamisionari. Kisha tundika gunia la mkonge juu ya eneo lote na ulilowanishe asubuhi na jioni kwa wiki moja. Chokaa kikikauka haraka hakishiki, kinabaki unga, na utakuwa umemwachia mkaguzi ajaye kiungo cha kukwaruza kwa kidole.